Boksi Lililozimwa kwa Ajili ya Wageni

Juzi kijana mmoja fundi wa jenereta alinifuata hapa nyumbani Bweri akiwa na swali moja tu. "Mama Majura, lile boksi la kuunganishia mashine linapigaga kelele sana. Tulinyamazisheje?" Nikamwambia akae. Nikampa chai. Kisha nikamgombeza mpaka chai ikapoa, na hajarudi tena. Sasa kwa kuwa ninyi wengine hamjapata bahati ya kugombezwa ana kwa ana, nawaandikia.

Mimi nimefanya kazi ya jenereta tangu usichana wangu hadi kustaafu. Nilianzia Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nikamalizia Musoma kwenye kiwanda cha samaki ambacho sitakitaja jina, maana sitaki kesi uzeeni. Watu wakisikia mwanamke alikuwa kwenye nyumba ya mashine wanadhani nilikuwa nafagia. Sikuwa nafagia. Nilikuwa opereta, na mkono huu mnaouona umekunjamana ndio uliokuwa ukiamua kama vyumba vya baridi vitapata umeme au havitapata.

Kuwasha jenereta moja si kazi, msijisifu nayo. Kazi ni mbili. Umeme wa jenereta huenda na kurudi, huenda na kurudi, mara nyingi ndani ya sekunde moja, kama mtoto kwenye bembea. Ukiwa na mashine mbili, una bembea mbili, na mzigo ukiwa mkubwa inabidi uzifunge zisukume pamoja. Kabla hujazifunga, lazima zote ziende kwa mwendo mmoja, na si mwendo tu: moja ikifika mbele, nyingine nayo iwe mbele. Ukizifunga moja ikienda na nyingine ikirudi, hapo hakuna anayeshinda, kinachovunjika ni chuma. Nimeona mhimili mnene kuliko paja langu ukikatika kama muwa.

Aliyenifundisha ni Mzee Masatu, kule Bunda. Tulikuwa tunaunganisha kwa balbu. Balbu inafungwa katikati ya mashine mbili. Zikipishana inawaka, zikienda pamoja inazimika. Basi unasimama pale unaangalia inawaka, inafifia, inazimika, inawaka tena, na pole pole unapunguza dizeli mpaka kule kuwaka na kuzimika kuwe kwa taratibu kabisa. Ikizimika, katikati ya giza lake, unabana breka, ile swichi kubwa inayozifunga mashine pamoja. Zilitakiwa balbu tatu, lakini mbili zilishaungua na ofisi haikuona haja ya kununua nyingine. Sasa siku moja tunaingia zamu, balbu imezimika tu, haiwaki wala nini. Mimi mgeni nikafurahi, nikanyoosha mkono kwenye breka. Mzee Masatu akanipiga kofi la kiganja.

"Umeshaiona ikiwaka?"

"Hapana, mzee."

"Sasa unajuaje kama imezimika au imekufa?"

Ilikuwa imekufa. Mwenzetu mmoja alikuwa ameoa, chumbani kwake hakuna taa, akachomoa balbu nzima akaweka mbovu ili pasionekane tundu. Bwana harusi alitaka kutuua wote kwa ajili ya kumwona bibi harusi vizuri. Mzee Masatu hakumshtaki, alimfuata kwake akaichomoa mwenyewe, akamwacha gizani na mkewe. Basi ninyi mnaofanya kazi na vioo vinavyowaka rangi, jifunzeni kitu: usiamini ukimya wa chombo ambacho hujakisikia kikisema.

Kulikuwa na sheria nyingine ya Mzee Masatu, na hiyo niliihamishia Musoma. Mtu akiwa kwenye breka, hakuna salamu. Unajua kwetu hapa salamu ni nini. Mtu unaweza kumpotezea ng'ombe wake akakusamehe, lakini ukimpita bila shikamoo atakusema hadi kwenye msiba wako. Hata hivyo ndani ya nyumba ya mashine, wakati wa kuunganisha, aingie mchungaji, aingie nani, anasimama mlangoni kimya mpaka breka iingie. Ikishaingia ndipo tunageuka na kusalimia vizuri, tena kwa furaha. Askari wageni wa getini walikuwa wanatuona watovu wa adabu, lakini wakizoea walikuwa wanasubiri.

Musoma hatukutumia balbu. Tulikuwa na saa yenye mshale mmoja. Mashine zikipishana mshale unazunguka. Ukisimama wima juu, ndipo pa kubana. Shida yetu ilikuwa mashine ya pili. Ilikuwa imechoka, na kila mitambo ya barafu ilipowaka au kuzimika mwendo wake ulipanda ukashuka, mshale ukazunguka huku, ukageuka kule, usitulie. Unasimama umeshika mkono wa breka, jasho linakutoka, unasubiri upite juu ili uuwahi. Vijana wenye macho makali waliuwahi. Mwenye macho makali kuliko wote alikuwa Mkama, opereta mwenzangu, mtu mzima mwenye mke na watoto, ameoa Murangi. Nilikuwa namwachia hata zamu yangu.

Ndipo akaja Injinia Bhoke, binti wa Butiama, katoka chuoni na boksi lake. Boksi lenyewe ukubwa wa redio. Akalifunga kwenye gavana, yaani kile kifaa kinachofungua na kubana dizeli. Mafundi wakaanza: mambo ya vitabuni hayo. Nawaambieni ukweli, hakuna neno linalonichoma roho kama hilo. Vitabuni! Kama si vitabuni jenereta ilitoka wapi, ilivuliwa ziwani pamoja na sangara?

Bhoke hakubishana nao. Alikaa na mimi na Mkama akatuchorea. "Mama, boksi linauliza mambo mawili tu. Mashine ya pili imeachwa nyuma kiasi gani, na pengo linaongezeka au linapungua kwa kasi gani." Akayaweka hayo mawili kwenye karatasi, akapiga mstari katikati. "Mashine ikiwa upande huu wa mstari, boksi linafungulia dizeli kwa nguvu zote. Ikivuka upande ule, linabana kwa nguvu zote. Halijui kubembeleza. Ikishafika kwenye mstari, haina pa kukimbilia, inateleza juu yake mpaka pengo linaisha."

Mkama akamuuliza, "Na mitambo ya barafu ikiwaka?"

"Kaka Mkama, umeshapitisha ng'ombe katikati ya mashamba mawili ya mahindi? Akiingiza mdomo kushoto, fimbo. Akiingiza kulia, fimbo. Huhitaji kujua uzito wake wala njaa yake. Unachohitaji ni fimbo inayouma kuliko tamaa yake."

Tulicheka, lakini tulielewa. Akaniambia nimjaribu. Wakati boksi linavuta mashine, mimi niwashe mtambo wa barafu muda ninaotaka, bila kumwambia. Nikawasha mmoja. Mshale ukatikisika, ukarudi juu. Nikamvizia, nikawasha wa pili na nikazima wa kwanza kwa pamoja, roho mbaya kabisa. Mshale ukaondoka kidogo, ukarudi juu ukasimama. Ukasimama, wanangu! Mkama alikaa akiuangalia kama mtu anayeangalia mtoto wake akisimama dede. Maana yake ni kwamba hata opereta akichelewa kidogo kubana breka, hata akipiga chafya, mashine ya pili bado iko sambamba na ya kwanza, inamsubiri.

Bei yake ni kelele. Kwa sababu boksi linafungua na kubana, linafungua na kubana, lile gavana linapiga ka-ka-ka-ka bila kupumzika, na chumba kizima kinatetemeka kidogo. Bhoke alituonyesha kwamba kando ya mstari unaweza kuweka kiukanda chembamba ambamo boksi linasukuma kwa upole. Ukikipanua, kelele inapungua, lakini mshale nao unalegea. Ukikipanua mno umelifanya pambo. Alikiweka mahali pake, akasema tusikiguse. Tukaizoea kelele. Mimi hata sasa nikipita karibu na kiwanda nisipoisikia, moyo unanidunda.

Sasa sikilizeni jambo linalonifanya niandike nikiwa na hasira.

Kiwanda kilipata wageni. Walikuwamo wanunuzi kutoka mbali, na walikuwamo wazee wa wavuvi wa Murangi ambao ndio wanaotuletea samaki, bosi alitaka wanunuzi wawaone. Asubuhi bosi akaingia kwenye nyumba ya mashine kukagua usafi. Akasimama, akakunja uso. "Hili likelele ni la nini? Wageni watadhani mashine zetu zimeoza. Zimeni."

Bhoke akamwambia, kwa heshima zote, "Bosi, hiyo kelele ndiyo kazi yenyewe. Naomba nipanue ukanda kidogo, itapungua nusu, na bado litashika."

"Sitaki nusu. Zimeni. Kwani kabla ya hilo boksi mlikuwa mnaunganishaje?"

Halafu akamtuma Bhoke Bunda kufuata vipuri, siku hiyo hiyo, kana kwamba vipuri vilikuwa vinakimbia. Aliyebaki kuzima ni Mkama, kwa sababu alikuwa zamu. Alinitazama. Nikamwambia, "Si umesikia mwenyewe." Ningemwambia nini? Amri ni amri, na mwenye nayo alikuwa amesimama pale pale mpaka taa ya boksi ikazimika.

Wageni wakaja mchana. Umeme wa gridi ulikuwa umekatika, mashine ya kwanza inalia na mzigo wote, ikabidi ya pili iingie. Mkama akasimama kwenye breka, mgongo kwa mlango, macho kwenye mshale, na mshale unazunguka huku na huku kama enzi zile. Mimi niko kando yake naangalia volti. Wageni wakaingia, wakasimama mlangoni. Nikanyoosha kiganja kuwaonyesha wasubiri. Wazee wa Murangi wakanyamaza vizuri tu. Wavuvi hao, wanajua kuna wakati wa kutosema.

Aliyefungua mdomo ni bosi. Alikuwa na furaha, anataka kuchangamsha wageni. Kati ya wale wazee alikuwamo Mzee Mafuru, baba mkwe wake Mkama. Bosi akasema kwa sauti kubwa, anacheka:

"Eh, Mkama! Mkweo huyo nyuma yako, na wewe unampa mgongo?"

Ninyi wa siku hizi mnakula sahani moja na wakwe zenu, labda hamtaelewa. Mtu wa rika la Mkama akijua baba mkwe yuko nyuma yake na yeye kamgeuzia mgongo, mwili wenyewe unaungua. Nilimwona shingo ikikakamaa. Hakugeuka, kazi aliiheshimu. Lakini alitaka amalize upesi ageuke, na mshale ulipopita juu aliukimbilia, akabana breka ukiwa umeshapita.

Mlio wake siwezi kuuandika. Sakafu iliruka. Kaplingi ya mashine ya pili, kile kiungo cha injini na jenereta, ilikatika, kipande kikapiga ukuta juu ya vichwa vyetu, taa zote zikazimika, wazee wakajikuta chini. Mzee Mafuru aliteguka kiganja. Hakuna aliyekufa, na hilo namshukuru Mungu wangu kila siku.

Boksi lingekuwa limewashwa, mshale ungekuwa umesimama wima. Mkama angekimbia, angechelewa, angesalimia wakwe mpaka wajukuu, na mashine zingeingia kimya kama watu wanaoingia kanisani. Ni kwa ajili ya udhaifu huo huo wa binadamu lilitengenezwa!

Kikaitwa kikao. Bosi akasimama akasema ni uzembe wa opereta. Neno moja hilo, uzembe, juu ya mtu aliyeunganisha mashine mbovu miaka na miaka bila kukwaruza hata rangi. Bhoke, aliyekuwa amerudi, akanyanyuka. "Boksi lilizimwa kwa amri." Akaambiwa, "Wewe wakati wa ajali hukuwepo." Nikanyanyuka mimi. "Mimi nilikuwepo, asubuhi na mchana. Amri niliisikia, na ule utani niliusikia." Mnajua nilijibiwa nini? "Mama, wewe sio mtaalamu. Tena unakaribia kustaafu, pumzika." Yaani mtaalamu hakuwepo, na aliyekuwepo si mtaalamu. Na wenzangu wa zamu, wanaume wazima wenye ndevu, wote wakawa wanaangalia viatu vyao kana kwamba vimebadilika usiku.

Nikasema, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Bosi akatabasamu. "Mama, yaliyopita si ndwele." Methali nzuri, ila mwenye kuisema alikuwa mzima na aliyeponzwa ndiye aliyekuwa anatolewa nje ya geti.

Mkama alifukuzwa. Kaplingi ikaletwa, mashine ya pili ikatengenezwa, na kabla haijawashwa bosi mwenyewe akampigia simu Bhoke: njoo ulirudishe lile boksi, na lisizimwe tena. Nendeni mkaisome tena sentensi hiyo. Kama kosa lilikuwa la Mkama, na Mkama ameshaondoka, boksi lilirudishwa la nini? Nilimuuliza hivyo hivyo kwenye korido. Aliniambia ana mkutano.

Mkama akahamia Bunda, Manyamanyama, kwa kaka yake. Anachomelea mageti. Kazi yake nzuri, geti langu ni lake. Lakini kilichokuwa kinamla si mageti. Nilipokwenda kumwona aliniambia, "Mama, kazi nitapataga nyingine. Murangi ndiko siwezi kwenda. Nimemwangusha baba mkwe chini mbele za watu, halafu akaambiwa nilikuwa mzembe. Mke wangu anakwenda kwao na watoto peke yake. Nitamtazamaje mzee?" Mtu mrefu vile, alikuwa anazungumza na vidole vyake.

Nilivumilia mpaka nilipostaafu. Jumamosi ya kwanza ya ustaafu wangu sikwenda kupumzika, nikapanda gari la Murangi. Mzee Mafuru nilimkuta anashona nyavu, kiganja kile kimepona kikiwa kimepinda kidogo. Nikasalimia, nikaulizwa habari za Bweri, habari za watoto, habari za mvua, nikajibu zote. Kisha nikamweleza. Boksi, amri ya asubuhi, mshale, utani. Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye, nilikuwa na maneno tayari tangu nyumbani.

Akaniacha nimalize. "Hilo la boksi ndiyo kwanza nalisikia kwako," akasema. "Ila hilo la mgongo, mama, mimi si nilikuwepo? Nilimsikia yule bwana wenu kwa masikio yangu. Nikasema moyoni, huyu anamsumbua mtu kazini."

"Sasa baba, mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Tuliwekwa kwenye gari, tukapewa soda, tukarudishwa. Hakuna aliyeniuliza hadi leo. Wewe ndiye wa kwanza."

Kikao kizima, mameneja, wataalamu, na mtu aliyesimama hatua chache nyuma ya Mkama, ambaye ndiye aliyeumia, hakuna aliyefikiri ana kinywa.

Mzee akaendelea kushona kidogo. "Mimi nilidhani ananikasirikia," akasema. "Nimemponza kazi yake kwa kuja kwangu pale. Nikasema nisimfuate, atanionaje."

Kwetu baba mkwe haendi kwa mkwe wake hivi hivi. Anaalikwa, anaandaliwa, anapokelewa. Mzee Mafuru aliweka nyavu chini, akamwita mkewe amletee koti lile la kanisani, akaniuliza Manyamanyama wanashukia wapi.

Tulifika jioni. Mkama alikuwa amevaa miwani ya kuchomelea, cheche zinaruka, hakutuona. Mzee akasimama nyuma yake. Nikataka kumwita Mkama, mzee akanizuia kwa kiganja chake kilichopinda, akasubiri mpaka mwanaume akamaliza mshono wake wote, akazima mashine, akageuka.

Mzee yule ana miaka mingi kuliko mimi na alitoka Murangi hadi Bunda siku hiyo hiyo aliyoujua ukweli wote. Bosi wangu alikuwa anaujua tangu asubuhi ile ya wageni, ana gari na dereva, na hajaenda mpaka leo.